Vyombo Vinavyopishana Ssangmun-dong

Jua linakuchwa katika kichochoro kimoja cha Ssangmun-dong, kaskazini mwa Seoul, na akina mama wanaita watoto waje kula. Mama mmoja kapika cha ziada, anamtuma mwanawe apeleke bakuli kwa jirani. Jirani haoni vyema kurudisha chombo kitupu, anakijaza mboga. Punde kichochoro chote kina vijana wanaopishana na bakuli mikononi, na kila meza imepata chakula cha nyumba kadhaa. Hajafa mtu, haijafichuka siri. Hivyo ndivyo tunavyokaribishwa katika Reply 1988, tamthilia ya Korea Kusini, na sijaona tamthilia nyingine iliyonijulisha watu wake kwa upole kama huo. Aliyekulia mitaa ya pwani hahitaji mkalimani hapo: ni sahani ya futari iliyofunikwa kawa, ikitoka mlango huu kwenda mlango ule kabla ya adhana ya magharibi.

Kituo cha tvN kiliirusha kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016, sehemu 20, nyingi zikikaribia urefu wa filamu. Mwandishi wake, Lee Woo-jung, na mwongozaji Shin Won-ho walitokea kwenye vipindi vya burudani, ambako kazi ni kuwatazama watu mpaka wasahau kwamba wanatazamwa. Nadhani subira yao waliipata huko.

Marafiki ni watano: Deok-sun, Sun-woo, Jung-hwan, Dong-ryong na Taek. Kijiwe chao ni chumba cha Taek, kijana aliyeacha shule akawa bingwa wa baduk, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe. Mbele ya ubao wa mchezo anaogopwa hata ng'ambo. Nje ya hapo vitu vidogo kabisa vinamshinda, na wenzake humsaidia bila kusema neno. Akishindwa mechi, watu wazima wa mtaa humpitia kwa kunyata, wakichunga ndimi zao. Wenzake huingia chumbani na kumtania mpaka acheke. Mwandishi hasimami kutufafanulia kwamba huo ndio urafiki. Anatuweka sakafuni pamoja nao, kati ya blanketi na bakuli za tambi, na kutuacha humo jioni baada ya jioni, mpaka siku mmoja wao asipotokea tunaliona pengo lake.

Kisha yupo Deok-sun, mtoto wa kati. Keki ya siku yake ya kuzaliwa huwa ni ya dada yake pia, na yai likipungua mezani, ni yeye wa kuambiwa hapendi. Amechaguliwa kubeba bango la Madagascar kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul, amefanya mazoezi kwa muda mrefu, halafu nchi ile inajitoa. (Kweli Madagascar haikwenda Seoul mwaka ule.) Mwishowe anaingia uwanjani na bango la Uganda. Mtazamaji wa Afrika Mashariki hushtuka kidogo hapo, kuona jina la jirani yake likimfuta machozi msichana wa Korea. Na usiku baba yake, karani wa benki aliyefilisika kwa kumdhamini mtu mkopo, anamletea keki yake peke yake na kumwomba radhi: naye ubaba ndio kwanza anajifunza.

Hata mjane, mama yake Sun-woo, anapotembelewa na mama yake mzazi, mtaa mzima unamwazima vitu ili nyumba isionekane na dhiki. Bibi anatambua kila kitu, hasemi, anaacha fedha na kuondoka. Sehemu kama hiyo haiandikiki kwa haraka.

Ndiyo maana naumia. Tamthilia za Korea zenyewe zinazidi kukatwa: sehemu 12, 8, hata 6. Zimeingia za simu, za dakika moja au mbili, ambamo kofi hutangulia salamu. Watazamaji nao huongeza kasi ili wafike mwisho, kana kwamba ukimya wa mhusika ni uchafu wa kufagiliwa. Na nyingi za kwetu zimehamia majumba ya ngazi za marumaru, urithi na sumu, penye geti refu lakini hapana jirani wa kubisha hodi. Mhusika hana shangazi, hana deni dukani, hana rafiki aliyemjua tangu wanachezea vumbi. Atalia vipi nasi tukalia?

Lee na Shin waliendelea na subira yao hata baada ya Reply 1988. Mwaka 2020 na 2021 walituletea Hospital Playlist, madaktari watano waliofahamiana tangu chuoni. Lakini kile kichochoro cha Ssangmun-dong walikivunja wenyewe mwishoni mwa tamthilia. Familia zinahama moja baada ya nyingine, nyumba zinabaki tupu zikisubiri ujenzi mpya. Magomeni ya Dar es Salaam tunaijua habari hiyo.

Waandishi wetu wa tamthilia, wazee waliopeleka sahani hizo bado wapo. Waulizeni mapema. Tuandikieni mtaa mmoja tu, Mwembetanga au Magomeni, marafiki watano na mama zao, wala msituharakishe.