Anza na Kivuli, Nywele Baadaye

Ukimwonyesha mtu picha iliyounganishwa kutoka picha mbili, jicho lake hukimbilia nywele. Huikuza kwenye simu, akatafuta mahali mkasi ulipopita, na asipopaona husema kazi ni safi. Mimi huanza miguuni.

Mguu ukikanyaga ardhi juani huacha vivuli viwili: kile kinachoelekea upande ulio kinyume na jua, na kingine chembamba, cheusi zaidi, pale soli inapogusa mchanga. Mafundi wengi hukumbuka cha kwanza wakasahau cha pili, ndiyo maana maharusi wengi wa studio huonekana wakielea juu ya ufuo. Kisha linganisha kivuli cha pua na kivuli cha mnazi ulio nyuma. Jua la saa saba mchana hutoa vivuli vifupi vyenye kingo kali. Siku ya mawingu vivuli hulegea hadi karibu kupotea. Uso uliopigwa chini ya mawingu ukiwekwa kwenye jua la mchana, hata nywele zikatwe unywele kwa unywele, kazi imeharibika tangu mwanzo.

Shida hii ni kongwe kuliko kompyuta. Miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodioni. Dawa hiyo ilipokea buluu haraka mno: muda uliotosha maji uliunguza mbingu ikabaki nyeupe tupu. Basi akapiga mawingu kwa negativu nyingine, akachapa zote mbili kwenye karatasi moja, na mshono akaupitisha kwenye upeo wa macho. Tazama picha yake ya wimbi kubwa, aliyoipiga Sète mwaka 1857. Mshono ameuweka mahali ambapo dunia yenyewe ina mstari. Fundi wa leo anayemkata mtu katikati ya shavu, ilhali ukosi wa shati upo, angejifunza mengi hapo.

Upeo wa macho una siri nyingine. Kamera ikiwa kwenye usawa wa macho ya mpigaji, upeo hupita karibu na macho ya kila mtu wa kimo hicho aliyesimama ardhi tambarare, awe karibu au mbali. Ukiona upeo unapita kwenye macho ya watalii walioko mbali lakini kwenye magoti ya mjomba aliyepachikwa mbele, mjomba huyo amekuwa jitu. Kumpunguza ukubwa kutasaidia. Kumpaka rangi hakutasaidia kitu.

Programu ya Photoshop ilipata matabaka, yaani picha zinazolazwa moja juu ya nyingine, mwaka 1994, na maski ndiyo inayoyafanya yazungumze: nyeupe huonyesha, nyeusi huficha, kijivu hupitisha kiasi. Mwombe fundi akuonyeshe maski peke yake. Ukingo wa bega uwe na ulaini uleule wa vitu vingine vilivyo umbali huo. Nywele ziwe na kijivu kingi. Kama hana maski, alifuta tu kwa kifutio, basi ukitaka marekebisho ataanza upya. Angalia pia utando wa kijani shingoni, masalia ya nyasi za picha ya kwanza, na chenga, vile vidoadoa vya picha: picha ya usiku ina chenga, ya mchana haina, na zikikaa pamoja bila kusawazishwa jicho linajua hata kama mdomo hauwezi kusema.

Si lazima kazi idai kuwa tukio la kweli. Mpiga picha Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha picha kabla ya matabaka ya kompyuta, na Mmarekani Jerry Uelsmann alichapa kwenye chumba cha giza mti unaoelea na mizizi yake juu ya maji. Mti hauelei, tunalijua hilo, lakini mwanga wake na wa maji unapatana, nasi tunatulia. Nawapenda hawa kuliko wanaohangaika kumweka mteja mbele ya mnara wa Eiffel.

Ukitafuta fundi, mpelekee picha ya pasipoti iliyopigwa kwa flashi, umwombe akuweke kwenye machweo ya Forodhani. Anayekubali papo hapo na kutaja bei, mshukuru uende zako. Anayekuuliza kama una nyingine uliyopigwa jioni, jua likiwa ubavuni, kaa naye.