Wa Kubaki

Msimu wa Ligi Kuu ya Uingereza unapofungwa mwezi Mei, simu hufuta kila kitu. Mchezaji uliyemwona wewe kabla ya watu wote, ukamvumilia akiwa benchi, anarudishwa kapuni pamoja na wengine, na Agosti mnaanza upya kana kwamba hamkuwahi kujuana. Ndivyo ulivyo ule mchezo wa fantasy wa kuteua wachezaji kwa zamu ulioletwa msimu wa 2017/18, ambamo kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu katika kundi zima. Hakuna bei, na hakuna watu wawili kumiliki Salah mmoja. Ni mchezo mzuri, ila hauna kumbukumbu.

Pale Adumi, upande wa Arua nchini Uganda, kumbukumbu inatunzwa kwenye kaunta buku. Mtunzaji wake ni fundi redio, ingawa siku hizi mezani kwake simu zimezidi redio. Kila meneja ana ukurasa wake: majina kumi na tano kwa wino wa bluu, na ubavuni mwa kila jina namba ya raundi aliyochukuliwa. Msimu ukiisha, majina mawili tu huzungushiwa duara jekundu. Hao ndio wa kubaki, na kubaki kwao kuna gharama. Uliyempata raundi ya 14, ukimbakiza, mwakani anakula zamu yako ya raundi ya 12. Mwaka unaofuata, ya 10. Nyota wa raundi ya kwanza habakizwi na yeyote, maana hakuna raundi ya kumpandishia. Faida yote iko kwa mtu ambaye siku ile hakuna aliyemtaka, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Nimemtazama fundi akiteua. Wengine huja na orodha kwenye simu, yeye huja na masikio. Anajua nani ni wa Arsenal kiasi kwamba atachukua beki wa Arsenal mapema kuliko akili inavyoruhusu. Anajua nani alipoteza mechi ya mwisho kwa sababu ya kipa, na kwa hiyo mwaka huu atakimbilia kipa raundi ya tano. Zamu yake ikifika hababaiki. Hutaja jina kwa sauti ile ile anayotumia kukwambia betri imekufa, na mara nyingi watu huulizana huyo ni nani.

Agosti 2021, raundi ya 14, alimtaja Yoane Wissa.

Brentford ndiyo kwanza walikuwa wamepanda daraja, na ndiyo kwanza walikuwa wamemleta kutoka Lorient ya Ufaransa, ambako alitoka kufunga mabao kumi ya ligi. Mwezi mmoja nyuma alimwagiwa tindikali nyumbani kwake, akafanyiwa upasuaji wa macho. Nani amteue mtu wa namna hiyo? Lakini fundi husikiliza redio za ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na ng'ambo ya mpaka si mbali na Adumi. Walugbara wako pande zote mbili, na habari za timu ya taifa ya Kongo, anayoichezea Wissa, hufika huku mapema. Tarehe 25 Septemba, Brentford wakiwa nyuma 3-2 kwa Liverpool, Wissa aliingia kutoka benchi, na dakika ya 82 akasawazisha. Kibanda kilichotuonyesha mechi kilikuwa kinaendeshwa na jenereta. Watu walipiga kelele kwa sababu Liverpool wamezuiwa. Fundi alikuwa akitazama kitu kingine: jinsi yule bwana alivyosimama mahali mpira ungefika, kabla haujafika.

Msimu ule mabao saba. Uliofuata, saba tena. Vijana walimwambia, "Mzee, mwachie huyo Mkongo, mabao saba hata beki anafunga." Hakumwachia. Mwaka wa tatu ukaja mtihani mwingine unaowakuta wote wanaobakiza Waafrika: Januari 2024 Wissa alikwenda Ivory Coast na timu ya Kongo kwa Kombe la Afrika, wakafika nusu fainali, na ukurasa wa fundi ukakaa wiki nzima nzima bila pointi zake. Alirudi, akamaliza ligi na mabao 12. Agosti 2024 mshambuliaji wa Brentford, Ivan Toney, akauzwa Saudi Arabia. Fundi alikuwa ameshapiga mstari chini ya jina la Toney miezi mingi nyuma, maana alijua siku huyo akiondoka, wa kusimama mbele ni nani. Kwa zamu ya raundi ya nane alipata mabao 19.

Mtu wa kubeti hawezi kuipata furaha hiyo. Mkeka unaishi siku mbili. Ukichanika, hakuna ulichojifunza kuhusu mtu yeyote.

Mchezo huu wa kubakiza haukuanzia kwenye soka. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York waliwanunua kwa mnada wachezaji wa besiboli ya Marekani kwa msimu mzima, mezani, kwa karatasi, na mchezo wao wakauita kwa jina la mkahawa walimokuwa wakikutana. Hesabu waliifanya kwa mkono kutoka magazetini. Besiboli yenyewe kwetu iko mbali, ingawa watoto wa Lugazi, Uganda hii hii, walifika Williamsport ya Marekani mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto. Lakini nia ya wale watu wa 1980 naiona Adumi bila kupungua: kumjua mchezaji kwa miaka, kutoka akiwa si kitu.

Sasa, kwenye ule mchezo mwingine wa kununua wachezaji kwa bei, kila kitu kinanakiliwa. Ijumaa usiku video moja inatoka, Jumamosi kabla ya muda wa kufunga vijana kumi wana timu moja. Mchezaji akinyamaza mechi mbili anatupwa. Ukiwauliza kwa nini wanaye fulani, wanasema yuko kwa kila mtu.

Namtetea fundi, lakini si kwa kila jambo. Agosti 2025 Wissa alikuwa akishinikiza kuondoka, na fundi akambakiza kwa zamu ya raundi ya sita. Akahamia Newcastle tarehe 1 Septemba, kisha akaumia goti akiichezea Kongo, na hakuonekana hadi Desemba. Raundi ya sita ni mali nyingi. Kwa maoni yangu ule ulikuwa mwaka wa kumwachia. Kubakiza na kung'ang'ania vinafanana kwa nje, na fundi mkubwa naye hukosea mpaka kati ya hivyo viwili. Hata hivyo sikumsikia akilalamika, wala hakufuta duara.

Huwa nawafikiria Onduparaka nikiliona daftari lile. Klabu ya kijiji, iliyoundwa 2011, ikapanda Ligi Kuu ya Uganda 2016 na kuujaza uwanja wa Arua watu waliotoka kila upande wa West Nile. Macho ya kuona kipaji yalikuwepo: Muhammad Shaban alitokea kwao, 2017 akaenda KCCA ya Kampala, mwaka uliofuata yuko Raja Casablanca. Baada yake wakaondoka wengine, na 2023 timu ikashuka. Mchezaji lazima aende penye riziki, sina ugomvi na hilo. Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa na watu wa kumwona mtoto kabla ya Kampala, na hatukuwa na namna yoyote ya kukaa naye misimu mitatu.

Vijana wa kundi la Adumi wameomba kanuni ya wa kubaki iondolewe. Wanasema inawanyima wageni nafasi, na inawapa ushindi wenye subira. La pili ni kweli. Watapiga kura kabla ya msimu mpya, na mimi si mwanachama. Ningekuwa, ningesema ibaki, tena wawili wawe watatu.