Utafiti ukitoka Eastlands, na urudi Eastlands

Sidhani kuna sehemu ya Nairobi ambayo wanaisimu wameipekua kama Eastlands. Kuanzia Kaloleni na Shauri Moyo hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, mitaa hii imezalisha tasnifu, vyeo na safari za kongamano. Kilichochimbwa huko ni kimoja: Sheng. Swali ninalotaka tulijadili leo ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Je, utafiti huo wote umemfaa nini mtoto wa Kayole anayeingia gredi ya kwanza? Umemfaa nini mwalimu wake, au afisa wa wizara anayeandika sera ya lugha ya kufundishia?

Jibu langu ni kwamba umewafaa kidogo mno. Na lawama haiwaangukii wanasiasa peke yao, kama tunavyopenda kuambiana vyuoni tukinywa chai ya saa nne.

Kwanza tuwape haki yao waliofanya kazi. Mwaka 1995 Alamin Mazrui aliichambua Sheng kwa jicho la uchanganyaji wa lugha. Mwaka 1997 Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Ken Osinde walichapisha makala kuhusu Sheng na Engsh. Walieleza jinsi Sheng ilivyochipuka Eastlands katika miaka ya sabini, kwenye nyumba zilizobanana ambako watoto wa lugha mbalimbali za mama walilazimika kuelewana, huku Engsh ikihusishwa na vijana wenye nafasi wa Westlands. Mwaka 2006 Peter Githinji alionyesha kwamba msamiati hutofautiana kutoka bezi moja ya vijana hadi nyingine, kiasi kwamba neno moja laweza kumfichua mgeni. Na mwaka 2018 Chege Githiora alitoa kitabu kizima kinachoitazama Sheng kama Kiswahili cha kienyeji cha Kenya.

Hizi ni kazi nzito na sina nia ya kuzibeza. Lakini tazama zilikoishia. Zote nne zimeandikwa kwa Kiingereza na zote nne zilichapishwa Ulaya. Mtu ataniambia kwamba jarida lililochapisha makala ya Githinji husomwa bure mtandaoni. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Bei siyo kikwazo pekee. Makala inaweza kuwa ya bure na bado mwalimu wa Dandora asijue ipo, wala asione mahali inapomgusa.

Hebu tuchukue mfano mdogo. Mtoto anasema: "Wasee walibonga na mathe kejani." Mwalimu anasikia uchafu, anamkaripia. Mwanaisimu anasikia kitu kingine kabisa. Anasikia ngeli ya *m-wa* katika *msee/wasee*, kiambishi cha nafsi *wa-*, kiambishi cha wakati *-li-*, na kiambishi tamati *-ni* cha mahali, kile kile tunachokisikia katika *nyumbani* na *sokoni*. Maneno ni ya mtaani, lakini mifupa yote ni ya Kiswahili. Ukibadilisha maneno manne unapata "Watu walizungumza na mama nyumbani." Mtoto huyu hajaharibikiwa. Amekuja shuleni na sarufi mfukoni.

Lakini mtoto huyo huyo atasema "kitabu yangu" na "viti imevunjika". Hapa pana kazi ya kweli ya darasani, kwa sababu upatanisho wa ngeli ndio unaomponyoka. Jambo hili si la Sheng peke yake. Mfano huo utausikia kwa Wanairobi wengi, wakiwemo watu wazima wenye tai shingoni. Basi mwalimu anayejua tofauti hii atatumia muda wake kufundisha upatanisho. Asiyeijua atautumia kupiga marufuku maneno, na mwaka utaisha mtoto akisema "kitabu yangu" kama alivyoanza.

Hayo ni maarifa ya kawaida katika idara za isimu. Hata hivyo, kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa na Kiswahili kikayumba, mshtakiwa huwa yule yule: Sheng. Waziri anasema, gazeti linaandika, mzazi anakubali. Ni nadra kusikia msomi akisimama siku hiyo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, aulize: ni kosa gani hasa limefanywa na watahiniwa, la msamiati au la upatanisho? Mjadala wa umma unaenda bila sisi, kisha tunashangaa kwa nini unapotoka.

Na wakati mwingine sisi wenyewe huukoleza upotovu huo. Mwaka 2003 Ireri Mbaabu na mwenzake walitoa kamusi ya Sheng kwa Kiingereza, iliyochapishwa na TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuyakusanya maneno yale ilikuwa kazi ya maana. Lakini jina dogo lililo jaladani linaiita Sheng lugha ya ulimwengu wa kificho, ule wa wahalifu. Wengi husoma jalada tu. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba kijana wa Eastlands ni mshukiwa hadi athibitishe vingine, alipewa hapo muhuri wa kitaaluma.

Kumbe kuna waliosikiliza lugha ya mitaa kwa makini kuliko wizara. Safaricom ilipoupa mpango wake wa pointi jina la Bonga, ilijua inasema na nani. Ghetto Radio ilijenga hadhira yake kwa kutangaza kwa Sheng. Mfanyabiashara akiona lugha anaona soko. Mtunga sera akiiona anaona aibu. Msomi, ambaye angeweza kumweleza kila mmoja anachokiona, amekwenda kusahihisha marejeleo ya makala yake.

Nisije nikaonekana nalalamika bila kielelezo cha mambo kwenda vizuri. Kielelezo kipo, tena upande huu huu wa jiji, ingawa hakihusu lugha. Ni Mukuru.

Katika vijiji vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, chama cha Muungano wa Wanavijiji pamoja na mashirika ya Akiba Mashinani na SDI Kenya kilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walichunguza umiliki wa ardhi, maji, stima na vyoo. Matokeo yao yalisimama juu ya wazo moja ambalo kwa Kiswahili naliita faini ya umaskini: mkazi wa Mukuru hulipa zaidi kwa huduma duni kuliko anacholipa mkazi wa mtaa uliopangwa kwa huduma bora. Hesabu ilifanywa kwa kipimo kinachojulikana na kila mama wa Mukuru, yaani bei ya mtungi wa maji.

Mnamo Agosti 2017, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza eneo hilo kuwa eneo maalumu la mipango. Zaidi ya mashirika 40 yaliingia katika kazi ya kuandaa mpango, na wakazi wakajipanga kuanzia vikundi vya majirani kwenda juu ili kila kaya iwe na mahali pa kusemea. Mamlaka ya NMS ilipochukua huduma za jiji mwaka 2020, barabara, mabomba ya maji taka na vituo vya afya vilianza kuonekana Mukuru.

Sitaki kuipaka rangi hadithi hii. Mwishoni mwa mwaka 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Utafiti haukuwa ngao ya kutosha. Lakini bila utafiti ule, wakazi wangekuwa na malalamiko tu. Pamoja nao, walikuwa na takwimu na ramani, na mtu akiwa na hivyo mkononi ni vigumu kumwambia hajui anachosema.

Tofauti ya Mukuru na Sheng iko wapi? Naona mambo matatu. La kwanza, swali la Mukuru lilikuwa pia swali la wakazi. Mama anayenunua maji alitaka kujua kwa nini analipa hivyo. Maswali yetu ya Sheng yamekuwa maswali ya makongamano: ni lahaja, ni krioli, ni simo? Mzazi wa Umoja hakuuliza hilo. Anauliza kama mtoto wake atafeli. La pili, matokeo ya Mukuru yalirudi kwa waliohojiwa kwa lugha yao, wakayapinga au kuyakubali. La tatu, kulikuwa na mlango wa kisheria wa kubisha, na watafiti waliujua.

Sisi watu wa lugha tunao mlango pia. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, elimu yetu imekuwa ikizungumzia kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya eneo. Lugha ya eneo la Dandora ni ipi? Ukijibu Kiswahili, ni Kiswahili kipi, na mwalimu ameandaliwaje kumtoa mtoto katika kile cha nyumbani hadi kile cha kitabuni? Hakuna anayeweza kumjibu afisa wa wizara kuliko watu ambao wamerekodi vijana wa Dandora kwa zaidi ya miaka 30. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya utawala. Mwananchi atashirikije katika hoja aliyofichiwa ndani ya Kiingereza cha majarida?

Wapo wenzangu watakaosema kazi ya msomi ni kutafuta ukweli, na siasa awaachie wenyewe. Naielewa hofu yao. Hoja ikirahisishwa hupotoshwa, na msomi anayekimbilia maikrofoni kila asubuhi huishia kusema asichokijua. Lakini kukaa kimya hakumfanyi mtu awe mkweli zaidi. Ukijua kwamba tatizo ni upatanisho wa ngeli, na unamwona mtoto akiadhibiwa kwa msamiati, kunyamaza kwako kuna mtu anayekulipia, naye ana miaka sita.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti kubwa. Kila tasnifu iliyopata data yake Eastlands iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu chepesi, upelekwe katika shule na vituo vya kijamii vilivyompokea mtafiti. Idara zetu ziketi na vyuo vya ualimu kutengeneza mwongozo wa darasani unaotoka katika Kiswahili cha mtaa kwenda katika sanifu. Na siku Sheng inaposhtakiwa hadharani, chama cha wataalamu kitoe taarifa kabla ya jua kutua, iwe ya aya nne tu, kwa lugha ambayo mtangazaji wa redio anaweza kuisoma bila kukwama.

Tanzania ilianzisha BAKITA kwa sheria mwaka 1967, na hivyo ina ofisi ambayo msomi wa lugha anaweza kuibishia hodi. Kwetu, Baraza la Mawaziri liliidhinisha wazo la baraza la Kiswahili mwaka 2018, na safari ya kutoka idhini hadi ofisi imekuwa ndefu. Tusiingojee. Vijana wa mitaani walitupa lugha yao bure, wakatuvumilia na vinasa sauti vyetu. Wanatudai, na deni hilo halilipwi kwa makala nyingine ya Kiingereza.