Wanaume ishirini wa Miami

Wageni wakiingia mjini, wenyeji wanakosa kazi? Uliza swali hili kijiweni uone: kila mtu ana jibu tayari. Wachumi nao wanabishana, ila wao wana mji wao wa kugombania: Miami, 1980.

Mwaka huo, kuanzia Aprili, Fidel Castro aliruhusu watu waondoke Kuba kupitia bandari ya Mariel. Ndani ya miezi michache Wakuba kama 125,000 wakavuka kwa boti hadi Florida, na karibu nusu yao wakabaki Miami. Nguvukazi ya mji ikaongezeka kwa takriban asilimia 7. Kwa mtafiti hii ni zawadi, maana hawakufuata neema ya kazi. Mlango ulifunguliwa tu wakatoka.

David Card alilinganisha Miami na miji mingine minne, akachapisha 1990: mishahara na ajira za wenyeji wenye ujuzi mdogo hazikutikisika. George Borjas, ambaye mwenyewe alizaliwa Kuba, akazirudia takwimu za wakati ule na kuchapisha 2017 kwamba mishahara ya wanaume ambao hawakumaliza sekondari ilishuka kwa asilimia 10 hadi 30. Agosti mwaka huohuo Stephen Miller, mshauri wa Ikulu ya Marekani, akaitaja kazi hiyo mbele ya waandishi wa habari akitetea muswada wa kupunguza uhamiaji halali kwa nusu. Kwa hiyo haya si mabishano ya darasani tu.

Niseme wazi: swali la Borjas lilikuwa zuri. Wengi waliofika hawakuwa na elimu ya sekondari, na ukichanganya wenyeji wote, wastani unaweza kuficha maumivu ya walio chini. Hapo Card alistahili kubanwa.

Tatizo langu ni jinsi alivyochuja. Aliondoa wanawake, akaondoa Walatino, akaondoa walio chini ya miaka 25 na waliozidi 59. Waliobaki kwenye sampuli ya Miami ni kama 20 kwa mwaka. Ishirini! Hawajazi hata Coaster.

Halafu Michael Clemens na Jennifer Hunt wakagundua jambo lingine. Miaka ileile Ofisi ya Sensa iliongeza juhudi za kuwafikia wanaume weusi wa kipato cha chini waliokuwa wakirukwa, na sehemu yao katika kikundi hiki kidogo ikapanda ghafla. Kwa kuwa walilipwa chini ya wazungu wenye elimu ileile, wastani unashuka bila mtu yeyote kukatwa mshahara. Ni kama darasa ambalo wastani wake umeshuka kwa sababu walioachwa kwenye orodha mwaka jana wameandikwa mwaka huu. Borjas alijibu kwamba hata akizingatia rangi, anguko lipo. Sawa, lakini ukiwagawa hao ishirini tena kwa rangi, unabaki na wangapi?

Giovanni Peri na Vasil Yasenov walipopanua kundi, tofauti ya maana haikuonekana.

Ila Card naye simwachii. Aliandika mwenyewe kwamba baada ya 1980 wahamiaji wengine walipunguza kwenda Miami. Sasa yule ambaye angehamia huko akaamua kubaki kwao, yuko safu gani ya jedwali? Ningependa Borjas angemfuata huyo, kuliko wale ishirini.