Kijana Anayetegea

Jumamosi jioni, Barabara ya Morogoro, msafara wa harusi umenasa kwenye foleni. Mbele iko pikapu, na nyuma ya pikapu wamesimama vijana wa matarumbeta. Wamepiga tangu saluni hadi kanisani, na ukumbi bado uko mbali. Wa ngoma hajali. Wa lile besi kubwa, lililomviringa kama chatu, naye hajali. Macho yangu huwa kwa mmoja tu, yule wa sauti ya juu. Wa chini akichoka hupunguza kishindo. Wa juu akichoka, barabara nzima inajua.

Niliwahi kutaka kuwa yeye. Katika matarumbeta ya kanisani nilipewa sauti ya kwanza kwa sababu nilikuwa na kiburi. Mdomo sikuwa nao. Kila wimbo ulipopanda nilizidi kuikandamiza tarumbeta usoni, hadi meno yakajichora ndani ya midomo. Kufika ubeti wa tatu, ikatoka pumzi tupu.

Kumbe nilikuwa naikaba damu. Kinacholia ni midomo yenyewe ikitetemeka, na kwenye do ya juu hutetemeka zaidi ya mara 900 kwa sekunde moja. Ibane kwa shaba, damu isipite, uone kama italia. Fundi hukaza pembe za mdomo, katikati akapaacha huru, na ulimi wake hupanda kuelekea kaakaa, kama upandavyo mtu anapopiga mluzi mwembamba. Mazoezi yake hayana fahari hata kidogo: noti ndefu, tena za chinichini kiasi cha kutomwamsha mtoto, kisha tarumbeta hulazwa pajani kwa muda uleule iliopulizwa. Hapo pa kulaza pajani ndipo paliponishinda.

Mtunzi Bach alipajua. Katika konseto ya pili kati ya zile sita za Brandenburg, za mwaka 1721, alimpandisha mpiga tarumbeta hadi kule ambako wapigaji wa leo bado wanakuogopa. Halafu, katika sehemu ya kati, ile ya polepole, akamnyamazisha kabisa. Filimbi, obo na fidla zikaendelea bila yeye. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi, hakuwa na wa kumnyamazisha. Alipanda juu usiku baada ya usiku mpaka mdomo ukapasuka, na mwaka 1934, akiwa Ulaya, ikambidi aiweke tarumbeta chini kwa miezi kadhaa.

Foleni inasogea. Kijana wangu ameshusha tarumbeta. Anamwaga mate, anaifuta kwa shati ingawa haina vumbi, anatazama dala­dala za upande wa pili. Wimbo umebebwa na mwenzake wa sauti ya pili. Kondakta mmoja anampigia kelele: we, mbona unategea? Hajibu; kujibu nako ni kutumia mdomo.

Geti la ukumbi linafunguliwa. Bibi harusi anatoa mguu mmoja nje ya gari. Kijana analamba midomo, anainua.