Manju na Muziki wa Wakati Wake: Uhakiki wa Nafasi ya Ningi katika Ngoma za Mashindano za Mkoa wa Simiyu

1.0 Utangulizi

Anayetaka kuandika kwa Kiswahili kuhusu kiongozi wa okestra hukwama kwenye istilahi kabla hajaufikia muziki. Neno kondakta limekwisha kuchukuliwa na mkusanya nauli wa basi. Neno okestra nalo, kwa msikilizaji wa Tanzania, huleta akilini bendi za dansi kama Orchestra Maquis Original na Orchestra Super Matimila, ambazo hazikuwa na mtu wa kusimama mbele ya wapigaji akiipa hadhira mgongo. Ugumu huu umewafanya baadhi yetu tuamini kwamba kazi yenyewe haipo kwetu: kazi ya mtu mmoja anayechagua nyimbo, anayefunza kundi kubwa, anayeamua nani aanze na nani apokee, na anayesimamia muziki mpya mbele ya watu waliozoea wa zamani.

Makala hii inapinga imani hiyo. Katika Wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 zinaunda Mkoa wa Simiyu, kazi hiyo ina mwenyewe na ina jina. Wasukuma humwita ningi. Katika Kiswahili cha uhakiki tumezoea kumwita manju. Dai kuu la makala ni kwamba ningi ni mtetezi wa muziki wa wakati wake, na kwamba uhakiki wetu umemdhulumu kwa kuziweka kazi zake katika kapu moja liitwalo "nyimbo za jadi". Dhuluma hiyo inagusa heshima yake, na inagusa pia haki yake.

2.0 Msingi wa Nadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani dhana ya upeo wa matarajio iliyowekwa na Hans Robert Jauss mwaka 1967. Kwa mujibu wa Jauss, kazi ya sanaa hukutana na hadhira ambayo tayari ina mazoea, na thamani yake ya kihistoria huonekana katika umbali uliopo kati ya mazoea hayo na upya wa kazi yenyewe. Kazi isiyo na umbali wowote hupokelewa kwa urahisi na kusahauliwa kwa urahisi vilevile. Kazi yenye umbali mkubwa mno huweza kukosa mpokezi hadi kizazi kingine kizaliwe.

Jauss aliifikiria fasihi andishi, ambayo msomaji wake hukaa peke yake na kitabu. Hata hivyo, dhana yake inafaa zaidi pale ambapo hadhira inaweza kuondoka kwa miguu yake huku mtunzi akiitazama. Uwanja wa ngoma za mashindano za Usukuma ni mahali pa namna hiyo.

3.0 Ningi na Wajibu wa Kutunga Upya

Ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu. Mapokeo yanavihusisha vyama hivi na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mabingwa wa ngoma na wa dawa. Chini ya vyama hivyo kuna ngoma nyingi zenye sura mbalimbali: bugobogobo ya wakulima na majembe yao, bugoyangi ya wachezaji wa nyoka, bununguli ya wawindaji wa nungunungu, na wigashe ambayo wachezaji wake huimba wakiwa wamekaa.

Mashindano hufanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha na fedha ya pamba ikiwa imeanza kuingia mikononi. Makundi mawili huchezea uwanja mmoja au viwanja vilivyo jirani, kwa wakati mmoja. Watazamaji huwa huru kwenda huku na huko, na kundi lililovuta watu wengi zaidi ndilo mshindi. Kanuni hii inaonekana nyepesi, lakini athari yake katika utunzi ni nzito. Ningi anayerudi uwanjani na nyimbo za mwaka jana peke yake amempa mpinzani wake silaha, kwa kuwa watu wamekwisha kuzisikia, mahasimu wamekwisha kuzitungia majibu, na mambo yaliyosemwa ndani yake yamekwisha kupoa. Hana budi kutunga upya. Hutunga juu ya bei ya pamba, juu ya njaa, juu ya kiongozi aliyekosea, juu ya fedheha iliyompata mshindani wake.

Hapa ndipo ningi anapofanana na kiongozi wa okestra, na ndipo pia anapomzidi. Anafanana naye kwa kuwa hatimaye wimbo si sauti yake peke yake: ni lazima aufunze kwa kundi, agawe sehemu za kuanzisha na za kuitikia, na ahakikishe mwili na sauti vinakwenda pamoja. Anamzidi kwa kuwa hasubiri mtunzi amletee muziki mpya. Mara nyingi mtunzi ni yeye mwenyewe. Upya kwake ni sharti la kubaki uwanjani.

4.0 Mfano wa Kulinganishia: Pierre Boulez

Ili kuupima uzito wa hoja hiyo, yafaa kumweka ningi kando ya mtu ambaye historia ya muziki wa Ulaya inamtaja miongoni mwa watetezi wakubwa wa muziki wa kisasa. Pierre Boulez alizaliwa Ufaransa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2016. Alikuwa mtunzi kabla ya kuwa kiongozi wa okestra. Mwaka 1954 alianzisha jijini Paris mfululizo wa matamasha uliokuja kujulikana kama Domaine musical, uliolenga kuwasikilizisha watu muziki ambao okestra kubwa hazikuupiga. Mwaka 1971 alikabidhiwa uongozi wa okestra ya BBC Symphony ya London na ule wa New York Philharmonic. Ya kwanza aliiongoza hadi 1975, ya pili hadi 1977.

Mjini New York alikutana na upeo wa matarajio uliokuwa mgumu kama ukuta. Wasikilizaji waliokwisha kulipia tiketi za msimu mzima walitaka kazi walizozijua. Boulez alijibu kwa kubadili ukumbi. Katika matamasha ya mwaka 1973 yaliyopewa jina la mazulia, viti vya chini viliondolewa, okestra ikateremshwa jukwaani, na watu wakakaa sakafuni kuizunguka. Mtu wa Bariadi akisimuliwa habari hii hataona ajabu yoyote. Ataona kwamba okestra imerudishwa uwanjani.

Hata hivyo, suluhisho la kudumu la Boulez lilikuwa la aina nyingine. Alijenga taasisi. Kundi la Ensemble intercontemporain lilianzishwa mwaka 1976, na mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa sauti cha IRCAM kikafunguliwa mjini Paris kwa fedha za serikali ya Ufaransa. Kwa maneno mengine, Boulez aliupatia muziki mpya nyumba ambamo haukulazimika kushindana na umati kila jioni. Ningi hana nyumba hiyo. Yeye na wimbo wake mpya wanasimama juani, na hukumu hutolewa kabla jua halijatua.

Ulinganisho huu haukusudii kumtukuza mmoja na kumdunisha mwingine. Unaonesha kwamba utetezi wa muziki mpya una njia mbili. Njia ya kwanza huukinga wimbo dhidi ya hadhira ili upate muda wa kukomaa. Njia ya pili huutupa wimbo mbele ya hadhira ili ukomazwe nayo. Kila njia ina gharama yake.

5.0 Mipaka ya Hukumu ya Umati

Ingekuwa kosa kuifanya hukumu ya umati kuwa kipimo kisicho na dosari. Watu huvutwa na mengi yasiyo utunzi. Chatu akibebwa shingoni, jembe likirushwa hewani na kudakwa, kituko kilichofichwa hadi dakika ya mwisho kikitolewa: vyote hivi huhamisha watu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, pengine wakati ule ule ambapo ningi wa upande wa pili anatoa wimbo bora wa msimu. Wasukuma wenyewe wanalijua hili. Ndiyo maana ushindi mara nyingi huelezwa kwa lugha ya dawa na mvuto, na si kwa lugha ya uzuri wa wimbo pekee.

Kwa hiyo mhakiki anahitaji vipimo vitatu, si kimoja. Cha kwanza ni mvuto, ambao umati unaupima uwanjani. Cha pili ni upya, yaani umbali kati ya wimbo na yale yaliyokwisha kuzoeleka katika chama husika. Cha tatu ni udumifu: je, wimbo huo uliimbwa tena na watu wasiolazimika kuuimba, mashambani, njiani au nyumbani, baada ya msimu kwisha? Wimbo unaweza kushinda uwanjani na kufa siku ya pili; mwingine ukashindwa, kisha ukasindikiza palizi kwa miaka mingi.

Vipimo hivi havitumiki bila taarifa. Hauwezi kupimwa upya wa wimbo usio na mwaka, wala udumifu wa wimbo usio na mtunzi. Hapo ndipo tunapofika kwenye kasoro ya uhakiki wetu.

6.0 Kapu la "Jadi"

Tangu kuundwa kwa wizara ya utamaduni mwaka 1962, ngoma zimepewa nafasi ya heshima katika ujenzi wa taifa. Heshima hiyo ilikuja na mabadiliko ya mazingira. Bugobogobo, kwa mfano, ilihamia kwenye majukwaa ya vikundi vya taifa na sherehe za serikali, ikachezwa na wasanii wasio Wasukuma, kwa dakika zilizopangwa, mbele ya wageni wasioweza kuhama kwenda uwanja wa pili kwa kuwa uwanja wa pili haupo. Katika mazingira hayo, wimbo uleule hutosha mwaka hadi mwaka. Kilichokuwa muziki wa msimu kimegeuka kuwa kielelezo cha kabila.

Jukwaa lina mahitaji yake na halistahili lawama yote. Lawama kubwa zaidi ni ya kalamu. Mtafiti anapofika Bariadi, akarekodi wimbo, kisha akauingiza katika tasnifu kama "wimbo wa jadi wa Wasukuma", amefanya mambo mawili kwa mkupuo. Amemwondoa mtunzi, na ameondoa tarehe. Wimbo uliotungwa kujibu wimbo mwingine, katika msimu fulani, juu ya jambo fulani, unaanza kuonekana kana kwamba uliota wenyewe kama nyasi za mbugani.

Athari yake inavuka mipaka ya taaluma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha kazi ya mtunzi na sanaa ya jadi inayohesabiwa kuwa ya jamii. Mtafiti anayeandika "jadi" pale ambapo angeweza kuandika jina anaiacha kumbukumbu ambayo siku moja inaweza kusomwa dhidi ya ningi mwenyewe, au dhidi ya watoto wake.

Kwamba njia nyingine inawezekana, tayari imethibitishwa. Elias Songoyi, katika tasnifu yake ya mwaka 1988 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwachunguza waimbaji wawili kwa majina yao, Kalikali na Mwinamila, akauliza msanii ana uhusiano gani na dola. Swali hilo lisingeulizika kama nyimbo zao zingeitwa za jadi, kwa kuwa jadi haina ugomvi na serikali. Mtu ndiye anayekuwa nao. Frank Gunderson naye, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, alizikusanya na kuzifafanua nyimbo zaidi ya mia tatu, akionesha jinsi zilivyofungamana na historia ya watu waliozitumia. Kazi hizi mbili zinatofautiana kwa mbinu, lakini zote zinamwona mwimbaji kama mtu aliyeishi katika wakati wake.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba ningi wa Simiyu anatimiza kazi ya kiongozi wa muziki anayetetea utunzi wa wakati wake, na kwamba anaitimiza katika mazingira magumu kuliko ya ukumbi wenye tiketi za msimu. Upeo wa matarajio wa hadhira yake unajumuisha tarajio la jambo jipya. Anayeshindwa kulitimiza huachwa peke yake uwanjani. Imeonesha pia kwamba hukumu ya umati ni muhimu lakini haitoshi, na kwamba mhakiki hawezi kuikamilisha iwapo yeye mwenyewe amefuta jina na tarehe.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kila tasnifu inayonukuu wimbo wa ngoma za mashindano itaje, kwa ridhaa yake, mtunzi, chama chake, msimu ambao wimbo ulitolewa, na wimbo uliojibiwa, ikiwa upo. Inapendekezwa pia kwamba watahini wasiupokee msamiati wa "wimbo wa jadi" bila maelezo, kama ambavyo hawaupokei msamiati wa "shairi la zamani" usiotaja mshairi.

Mahitaji haya ni madogo. Mtafiti hahitaji mtambo wala ufadhili mkubwa ili kuuliza, "Huu aliutunga nani, na lini?" Katika uwanja wa ngoma, jibu la swali hilo hujulikana hata kwa watoto. Linapotea likifika kwetu.