Nyongeza katika Nyumba za Kale za Lamu

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wako wadhanio kwamba kuuhifadhi ni kuukataza usikue. Dhana hiyo haipatani na historia ya mji wenyewe. Baba alipomwoza binti yake, aghalabu alimwongezea ghorofa juu ya nyumba, au alimjengea karibu na kuziunganisha nyumba mbili kwa wikio, yaani chumba kipitacho juu ya njia. Nyumba ya Lamu, basi, ilikua kwa nyongeza.

Swali ni kuongeza kwa kanuni gani. Mtunga shairi aongezapo ubeti harudii maneno ya ubeti wa kwanza. Hufuata mizani na vina vyake. Mizani ya nyumba hizi ni boriti ya mkoko, ambayo hairuhusu chumba kuzidi upana wa kiasi cha mita 3. Vina vyake ni mawe ya matumbawe, chokaa, na stara ya wenyeji.

Kwa hiyo hatuna budi kumkosoa mjenzi apachikaye mlango wa nakshi katika nyongeza ya saruji. Lipu ya saruji huzuia unyevu usitoke, na jiwe la kale likalika ndani kwa ndani. Dirisha lake huchungulia ua wa jirani. Ameiga sura, akaacha kanuni. Ghorofa isiyo na nakshi hata moja, ikitii boriti, chokaa na stara, ina udugu wa kweli zaidi na nyumba iliyoibeba.